Vipenzi vya Wafalme wa Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila zinapotajwa habari za Piers Gaveston au Duke wa Buckingham, maswali yanayofuata huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mengine yanatosheka kwa mistari mitatu, mengine hayaishi upesi. Jambo moja kwanza, kuhusu vyeo: katika ngazi ya malodi wa Uingereza, Duke ndiye wa juu kabisa, na Earl yuko ngazi mbili chini yake. Ukilishika hilo utaona jinsi watu hawa walivyopaa.

Kipenzi cha mfalme alikuwa mtu wa namna gani?

Ni mtu ambaye mfalme au malkia alimpenda kuliko wote waliomzunguka, akampa sikio lake, naye kwa sikio hilo akapata mali, vyeo, na uwezo wa kuwainua au kuwaangusha wengine. Hakuchaguliwa na mtu. Mara nyingi hakurithi chochote cha maana. Hapo ndipo alipotofautiana na lodi wa ukoo mkubwa. Lodi wa ukoo, hata mfalme akimnunia, bado ana mashamba yake, ngome yake na mamia ya watu wanaokula kwake. Kipenzi akinuniwa, hana pa kurudi.

Ni sawa na wale tunaowaita chawa siku hizi?

Hapana. Chawa hufanya kazi yake hadharani. Sifa zake zisiposikika na watu, hajafanya kitu. Kipenzi wa kasrini alifanya kazi yake ndani, mlango ukiwa umefungwa, na neno lake la maana lilisemwa kwa sauti ya chini. Tena chawa wanaweza kuwa kundi zima. Kipenzi alikuwa mmoja, au wawili wanaotazamana kwa jicho baya.

Kama hakuwa na wadhifa, nguvu aliitoa wapi?

Mlangoni. Hili ndilo jambo ninalotaka msomaji aondoke nalo, kwa sababu bila kulielewa, mikasa yote inayofuata inaonekana kama hadithi za mapenzi na wivu tu.

Kasri ya kifalme ilipangwa kama vyumba vinavyofuatana. Ukiingia unakuta ukumbi ambamo karibu kila mtu aliyevaa vizuri aliruhusiwa. Mbele yake kuna chumba cha walinzi, kisha chumba chenye kiti cha enzi, ambamo malodi walisimama kungoja. Baada ya hapo kuna mlango ambao wengi hawakuuvuka maisha yao yote. Nyuma yake ndipo mfalme alipokula, alipocheza karata, alipovuliwa viatu na alipolala. Mwishoni mwa karne ya 15 Henry VII aliutenga upande huo wa ndani ukawa na watumishi wake maalumu, na tangu hapo siasa za Uingereza zikawa kwa sehemu kubwa ni siasa za nani yuko upande gani wa mlango huo.

Mtumishi aliyetamaniwa kuliko wote huko ndani alikuwa yule aliyemhudumia mfalme chooni. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, lakini nafasi hiyo ilishikwa na waungwana wenye majina makubwa. Chini ya Henry VIII mwenye kazi hiyo ndiye pia aliyetunza fedha za matumizi binafsi za mfalme. Fikiria maana yake. Ombi la shamba, ombi la msamaha kwa ndugu aliyehukumiwa kunyongwa, ombi la kazi kwa mtoto, yote ni karatasi inayosubiri sahihi. Mfalme ametoka kuwinda, amekula, ameridhika, anacheka. Aliye naye chumbani saa hiyo ndiye anayeitoa karatasi mfukoni. Lodi mwenye ngome tatu, aliyesimama kwenye chumba cha kiti cha enzi tangu asubuhi, atasikia habari hizo kesho.

Wafalme wenyewe walifaidika nini?

Walipata mtu wa kuongea naye. Mfalme alikua akizungukwa na watu wenye madai: binamu wenye haki ya kiti, maaskofu, mabalozi, malodi ambao babu zao waliwahi kupigana na babu zake. Mtu aliyeinuliwa na mfalme mwenyewe hana bwana mwingine. Alikuwa pia kinga ya usumbufu. James I alipenda zaidi kuwinda huko Royston na Newmarket kuliko kukaa na mafaili London, hivyo alihitaji mtu wa kukabili umati wa waombaji kwa niaba yake.

Kwa nini Gaveston alichukiwa vile?

Piers Gaveston alikuwa mwana wa askari kutoka Gascony, kusini-magharibi mwa Ufaransa ya leo, eneo ambalo wakati huo lilikuwa chini ya mfalme wa Uingereza. Aliwekwa pamoja na mrithi wa kiti tangu ujana wao. Mfalme mzee, Edward I, aliona ukaribu ule umepita kiasi, na mwaka 1307 akamfukuza nchini. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, mzee akafariki. Kazi ya kwanza ya Edward II ilikuwa kumrudisha rafiki yake, na ilipofika Agosti alikuwa amempa cheo cha Earl wa Cornwall, ambacho kwa kawaida kilikuwa cha watu wa damu ya kifalme. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amemwoza mpwa wake, Margaret de Clare.

Januari 1308 mfalme alivuka bahari kwenda Boulogne kumwoa Isabella, binti wa mfalme wa Ufaransa, msichana wa miaka kama 12. Nchi alimwachia nani? Si binamu yake tajiri Thomas wa Lancaster, bali Gaveston. Tarehe 25 Februari, siku ya kutawazwa huko Westminster, Gaveston ndiye aliyeibeba taji, akiwa amevaa nguo ya zambarau iliyomfanya aonekane mfalme kuliko mfalme. Kwenye karamu mfalme alikaa akiongea naye, na wajomba wa bibi harusi wakaondoka wakiwa wamekasirika.

Makosa yake kwa sheria hayakuwa makubwa kuliko ya malodi wengine. Alichukua ardhi, wao pia walichukua. Alipendelea ndugu, wao pia. Lakini Gaveston alikuwa na ulimi. Aliwapa wakubwa majina ya utani; Earl wa Warwick alibandikwa naye jina la mbwa mweusi wa Arden. Isitoshe, alikuwa hodari kweli. Desemba 1307, kwenye mashindano ya mikuki huko Wallingford, yeye na wenzake waliwaangusha waungwana wa nchi mbele ya umati. Mtu anaweza kukusamehe kwa kumzidi cheo. Kukusamehe kwa kumwangusha kutoka juu ya farasi mbele ya watu ni kazi nyingine.

Alifukuzwa tena 1308, akarudi 1309. Akafukuzwa mara ya tatu 1311, akarudi kimyakimya. Mei 1312 alizingirwa katika ngome ya Scarborough, akajisalimisha kwa ahadi kwamba hatadhurika. Aliyeitoa ahadi hiyo, Earl wa Pembroke, alimsindikiza kuelekea kusini, wakafika kijiji cha Deddington, na usiku huo Pembroke akaenda kumwona mkewe. Asubuhi ya tarehe 10 Juni yule aliyeitwa mbwa alikuwa mlangoni na watu wake. Siku tisa baadaye Gaveston alipelekwa kwenye kilima cha Blacklow, ardhi ya Lancaster, akakabidhiwa kwa Wawelshi wawili. Mmoja alimchoma upanga, mwingine akamkata kichwa.

Pembroke hakulisamehe jambo hilo. Ahadi ilikuwa yake, na tangu siku ile alisimama upande wa mfalme.

Je, walikuwa wapenzi kimwili?

Wanahistoria hawajakubaliana. Edward na Gaveston wote walioa na kuzaa. James I naye alioa na kuzaa, na bado alimwandikia kipenzi chake Buckingham barua akimwita mtoto wake na mke wake. Mapenzi yenyewe hayana ubishi, yameandikwa kwa wino. Ila ukisoma malalamiko ya malodi kwa makini, utakuta hasira yao iko kwingine: nani kapewa shamba lipi, na nani kazuiwa kumwona mfalme.

Kwa nini lawama zilimwangukia kipenzi badala ya mfalme?

Kwa sababu sheria na dini viliuziba mlango wa kumlaumu mfalme. Mfalme alipakwa mafuta matakatifu, na kumpinga ni uhaini. Sheria ikashika msemo kwamba mfalme hawezi kutenda kosa. Sasa kodi imepanda, vita vimeshindwa, mahakama zinauza hukumu. Kosa lipo na kila mtu analiona. Ikiwa si la mfalme, ni la nani? Ni la mshauri mwovu. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya wakulima walioasi 1381, yakarudiwa na watu wa Kent walioasi 1450, yakarudiwa tena na Bunge miaka ya 1620: sisi ni waaminifu kwa mfalme, tunachotaka ni wale waliomzunguka.

Kwa hiyo kipenzi alikuwa ngao. Mishale iliyomlenga mfalme ilimpata yeye. Wafalme wengine walilijua hilo na kulitumia. Wengine, kama Charles I, waliipenda ngao yenyewe kiasi cha kutaka kuilinda, na hapo ndipo nchi ilipoanza kutikisika. Hata hivyo, ngao haikufaa siku zote. Edward II alipomwinua Hugh Despenser baada ya Gaveston, malkia Isabella mwenyewe alirudi kutoka ng'ambo na jeshi. Despenser aliuawa Hereford tarehe 24 Novemba 1326 kwa namna ambayo sitaieleza hapa, na Januari iliyofuata mfalme akavuliwa kiti.

Nani alipanda juu kuliko wote?

George Villiers, ndiye Duke wa Buckingham, na hakuna wa kumkaribia.

Alizaliwa 1592 Leicestershire, mtoto wa ndoa ya pili ya mwungwana wa kijijini, maana yake hakuwa na urithi wa kutegemea. Alichokuwa nacho ni sura, miguu ya mchezaji ngoma, na adabu aliyojifunza Ufaransa. Agosti 1614 alikutana na James I huko Apethorpe. Wakati huo kipenzi alikuwa Robert Carr, Mskoti aliyevunjika mguu mbele ya mfalme kwenye mashindano ya 1607. James alimwuguza, akamfundisha Kilatini mwenyewe, na hatimaye akamfanya Earl wa Somerset. Maadui wa Carr hawakuona njia ya kumwangusha isipokuwa kumtafutia mfalme kijana mwingine. Wakamvisha Villiers, wakamtafutia kazi ya kummiminia mfalme divai mezani.

Kuna tukio moja hapa ninalolipenda, na aliyelisimulia ni George Abbot, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyekuwa katika mpango huo. Ilihitajika Malkia Anne, mke wa James, amwombe mumewe ampokee kijana. Malkia alisita. Alimwonya Abbot kwamba hawajui wanachokifanya. Kijana huyu akishaingia, wa kwanza kuteswa naye watakuwa hao hao wanaomsukuma. Walimbembeleza hadi akakubali, na Aprili 1615, siku ya Mtakatifu George, Villiers akapewa cheo chake cha kwanza cha uungwana na nafasi katika chumba cha kulala cha mfalme. Mwaka 1627 Abbot alinyang'anywa mamlaka yake ya kazi, wakati Villiers akiwa kileleni. Nadhani siku hiyo aliyakumbuka maneno ya malkia.

Carr naye alikwisha vibaya. Rafiki yake wa zamani, Thomas Overbury, alikuwa amekufa Septemba 1613 akiwa mfungwa katika Mnara wa London, na miaka miwili baadaye ikafichuka kwamba alilishwa sumu. Mke wa Carr, Frances Howard, alikiri. Watu wanne waliotumika katika njama ile walinyongwa 1615. Carr na mkewe walihukumiwa kifo 1616, mfalme akawasamehe roho zao, wakakaa Mnarani hadi 1622. Waliotumwa walikufa, waliowatuma wakaishi. Kila ninaposoma kesi hii naumia hapo.

Villiers alipanda karibu kila mwaka: Earl 1617, Marquess 1618, mkuu wa jeshi la majini 1619, na Duke wa Buckingham 1623. Tangu Duke wa Norfolk alipokatwa kichwa mwaka 1572, hakuna mtu asiye wa damu ya kifalme aliyekuwa ameshika cheo hicho Uingereza. Mama yake, ndugu zake, binamu zake, wote walipata. James aliliambia baraza lake waziwazi kwamba Kristo alikuwa na Yohana wake, naye ana George wake.

Alichofanikiwa ambacho wengine hawakukiweza ni kurithiwa. Kwa kawaida mfalme mpya huanza kwa kumtupa kipenzi wa baba yake. Buckingham alimshika mwana wakati baba yu hai. Mwaka 1623 yeye na Charles walipanda farasi kwenda Madrid kuposa dada wa mfalme wa Hispania, wakiwa na ndevu bandia na majina ya Smith. Posa haikufaulu, lakini urafiki ulifaulu. James alipokufa Machi 1625, Buckingham alibaki pale pale.

Kuanzia hapo ni maafa. Msafara wa kivita wa Cadiz, bandari ya Hispania, mwaka 1625 ulirudi na mabaharia wenye njaa na magonjwa. Mwaka 1626 Bunge la Makabwela lilimfungulia mashtaka. Charles akalivunja Bunge ili kumwokoa. Mwaka 1627 Buckingham mwenyewe aliongoza jeshi la watu wapatao 7,000 kwenye kisiwa cha Ré, mbele ya La Rochelle, pwani ya Ufaransa. Waliorudi hai hawakufika nusu. Juni 1628 umati wa London ulimpiga hadi kufa John Lambe, mganga na mpiga ramli aliyejulikana kama mtu wa Duke. Mwezi huo huo Bunge likatangaza kwa maandishi kwamba Buckingham ndiye chanzo cha mabaya yote.

Maandishi hayo yalisomwa na luteni mmoja, John Felton, aliyenusurika Ré. Alikuwa anadai mshahara wa takriban pauni 80, na cheo cha ukapteni alichokitaka kilipewa mwingine. Alinunua kisu cha peni kumi, akashonea karatasi ya maelezo yake ndani ya kofia, kwa kuwa hakutarajia kuishi hata ajieleze. Tarehe 23 Agosti 1628, huko Portsmouth, Duke alikuwa amemaliza kifungua kinywa katika nyumba ya wageni ya Greyhound na anatoka, chumba kimejaa maofisa. Aliinama kumsalimia kanali mmoja mfupi. Felton alimchoma kifuani juu ya bega la kanali. Duke alikichomoa kisu mwenyewe, akapiga hatua mbili tatu, akaanguka. Zilibaki siku tano atimize miaka 36.

London watu walikunywa kwa heshima ya Felton. Walidhani tatizo limekwisha. Miezi saba baadaye, Machi 1629, mfalme yule yule alilivunja Bunge tena na kutawala bila Bunge kwa miaka 11, na safari hii hapakuwa na Duke wa kutupiwa lawama. Januari 30, 1649, Charles I alikatwa kichwa nje ya ukumbi wa Whitehall.

Wolsey na Thomas Cromwell nao ni vipenzi?

Nusu. Walikuwa mawaziri wachapakazi kwanza. Henry VIII aliwapenda kwa kuwa waliyamaliza mambo. Lakini asili yao ya chini, mmoja mtoto wa mwenye bucha wa Ipswich na mwingine mtoto wa mhunzi wa Putney, iliwaweka katika hatari ile ile: hawakuwa na kitu kisichotoka mkononi mwa mfalme.

Kulikuwa na dalili kwamba kipenzi anakaribia kuanguka?

Zilikuwepo, na mara nyingi zilikuwa ndogo sana. Septemba 1529 Kardinali Wolsey, mtu aliyeiendesha Uingereza kwa miaka kumi na mitano, aliwasili Grafton, mahali mfalme alipokuwa akikaa. Alifuatana na Campeggio, mjumbe wa Papa. Campeggio alionyeshwa chumba chake. Wolsey akaambiwa kwamba hakuna chumba kilichoandaliwa kwa ajili yake. Alibaki uani juu ya nyumbu wake, kanzu nyekundu imejaa vumbi la safari, watumishi wakimtazama. Aliyemwonea huruma ni Henry Norris, mtumishi wa chumba cha ndani, ambaye alimpa chumba chake abadilishie nguo. Mfalme alimpokea vizuri siku hiyo, akaongea naye dirishani kwa muda mrefu. Kesho yake aliondoka kwenda kuwinda na Anne Boleyn, mwanamke ambaye mfalme alitaka kumwoa, na Wolsey na mfalme hawakuonana tena. Wolsey alikufa Novemba 1530 njiani, akipelekwa kushtakiwa. Norris naye alikatwa kichwa Mei 1536, siku mbili kabla ya Anne.

Cromwell hakupata dalili. Au tuseme alipata dalili ya kinyume. Aprili 1540 alifanywa Earl wa Essex. Tarehe 10 Juni aliingia kwenye kikao cha baraza, na mkuu wa walinzi akaingia nyuma yake. Alitupa kofia yake sakafuni kwa hasira. Duke wa Norfolk alimvua shingoni nishani ya Mtakatifu George, na wenzake wa meza moja wakaanza kumwita msaliti. Hakupelekwa mahakamani, Bunge lilipitisha sheria tu ya kumtia hatiani. Alikatwa kichwa tarehe 28 Julai, siku ambayo Henry alimwoa Catherine Howard, mpwa wa Norfolk yule yule.

Malkia Elizabeth I aliwaendesha vipi wa kwake?

Kwa ustadi mkubwa zaidi. Hakumwachia mmoja mlango wote. Robert Dudley, Earl wa Leicester, alikuwa wa kwanza na wa moyoni. Alitazamiwa hata kumwoa malkia, lakini mwaka 1560 mkewe, Amy Robsart, alikutwa amekufa chini ya ngazi huko Cumnor, shingo imevunjika. Baada ya hapo ndoa na malkia ingekuwa kashfa isiyofutika. Mwaka 1578 alioa kwa siri, malkia akawaka, kisha akapoa. Mke mpya, Lettice Knollys, ndiye hakusamehewa.

Mtoto wa Lettice, Robert Devereux, Earl wa Essex, alirithi nafasi ya baba yake wa kambo. Alikuwa kijana mzuri, shujaa wa Cadiz 1596, na asiyejua kunyamaza. Mwaka 1598, katika mabishano barazani, alimgeuzia malkia mgongo. Malkia akampiga kofi. Mwaka 1599 alipelekwa Ireland na jeshi kubwa, akapatana na adui bila ruhusa, akaliacha jeshi na kurudi mbio. Tarehe 28 Septemba, yapata saa nne asubuhi, aliwasili kasri ya Nonsuch akiwa na tope hadi usoni, akapita vyumba vyote bila kusimama, akafungua mlango wa chumba cha kulala.

Malkia alikuwa ameamka punde. Hajapakwa rangi, hajavaa nywele zake za bandia; mvi zimemzunguka uso, miaka 66. Alizungumza naye kwa upole, akamwambia akabadilishe nguo. Jioni alimweka chini ya ulinzi. Essex alikuwa ameuvuka mlango kwa miguu yake bila kufunguliwa, na hilo halikurekebishika. Mwaka uliofuata malkia alikataa kumwongezea muda wa haki ya ushuru wa divai tamu, iliyokuwa ndiyo riziki yake. Akiwa na madeni shingoni alijaribu kuuamsha mji wa London tarehe 8 Februari 1601. Mji haukuamka. Siku 17 baadaye alikatwa kichwa.

Hakukuwa na wanawake?

Walikuwepo, na si mahawara tu. Sarah Churchill, Duchess wa Marlborough, alikuwa rafiki wa Malkia Anne (si yule mke wa James) tangu utotoni. Waliandikiana kwa majina ya kubuni, Bi Morley na Bi Freeman, ili cheo kisiwatenganishe. Anne alipotawazwa 1702, Sarah alipewa ufunguo wa dhahabu wa vyumba vya ndani na fuko la fedha za malkia, huku mumewe akiongoza majeshi.

Kosa lake ni kwamba alichoka kumwona malkia. Alikaa mbali na kasri, akaandika barua za kumfundisha siasa. Kazi ya kila siku ya kumkanda malkia miguu, kumletea kinywaji, kumsikiliza usiku, ilifanywa na binamu yake maskini, Abigail Hill, aliyemwingiza yeye mwenyewe. Mwaka 1707 Abigail aliolewa kwa siri na malkia akahudhuria. Sarah alikuwa wa mwisho kujua. Mwaka 1708, mlangoni mwa kanisa la St Paul's, Sarah alimwambia malkia anyamaze, watu wakisikia. Walionana mara ya mwisho Aprili 1710. Januari 1711 mumewe, mshindi wa vita vya Blenheim, alipiga magoti mbele ya malkia kumwombea. Malkia alisema anautaka ufunguo.

Kuna walionusurika?

Wako. Sarah aliishi hadi 1744, tajiri kupindukia. Leicester alifia kitandani.

Desturi hii iliisha lini?

Ilipungua kadiri mawaziri walivyoanza kutegemea kura za Bunge kuliko tabasamu la mfalme. Lakini ukaribu haukukoma. Mwaka 1887 Abdul Karim, kijana wa Kihindi wa miaka 24, alifika kumhudumia Malkia Victoria mezani. Akawa mwalimu wake wa Kihindustani, akaitwa Munshi, neno lililomo hata katika kamusi zetu. Hakuwa na jeshi wala wizara, na bado watu wa kasrini walimchukia kwa rangi yake na kwa ukaribu wake. Victoria alipokufa Januari 1901, mwanawe Edward VII aliamuru barua za mama yake kwa Munshi zichomwe moto nje ya nyumba ya Munshi mwenyewe, kisha akamrudisha India.

Wafalme walijuta?

Henry VIII, miezi michache baada ya kumwua Cromwell, aliwalalamikia mawaziri wake kwamba wamemfanya amwue mtumishi mwaminifu kuliko wote aliowahi kuwa nao. Charles I alikuwa kwenye sala alipoletewa habari za Portsmouth. Alimaliza sala uso haujabadilika, akaingia chumbani, akajitupa kitandani akilia. Richard II alimpoteza Robert de Vere, aliyefia uhamishoni 1392. Mwili uliporudishwa miaka mitatu baadaye, mfalme aliagiza jeneza lifunguliwe, akautazama uso, akashika vidole vyake.

Leicester aliugua Agosti 1588, wiki chache baada ya meli za Hispania kushindwa. Alimwandikia Elizabeth barua fupi kuulizia afya yake na kumshukuru kwa dawa aliyompa, akafariki tarehe 4 Septemba. Malkia aliishi karibu miaka 15 zaidi. Alipokufa 1603, barua ile ilikutwa ndani ya kisanduku kando ya kitanda chake. Juu yake alikuwa ameandika kwa mkono wake: barua yake ya mwisho.